Kuyasoma Magofu ya Pwani Yetu: Kunduchi, Kaole na Jirani Zake

Wako watu wengi katika mitaa yetu ya Madale, Wazo, Goba na Bunju wadhanio kwamba mambo ya kale ni mali ya nchi za mbali. Wakitajiwa magofu hukumbuka mapiramidi ya Misri, au huko kusini Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambako magofu yake yaliandikwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia. Husahau kwamba mtu akitoka Madale alfajiri, akapita kilima cha Wazo na kukata Tegeta, afika Kunduchi kwa miguu kabla jua halijawa kali. Na huko, kando ya mikoko, atakuta gofu la msikiti uliojengwa katika karne ya 15 au ya 16, na uwanja wa makaburi ya mawe yenye nguzo ndefu, mengi yake ya karne ya 18, yamekaa chini ya mibuyu.

Leo twataka kuwapa walimu, wenyeviti wa mitaa, wazee, na kila ajuaye kusoma, somo la namna ya kwenda kuyatazama magofu hayo, na mengine yaliyo karibu. Kutazama kuko kwa namna mbili. Iko namna ya mtu apitaye njiani, aonaye kuta zilizobomoka akasema, “Hapa palikaa Waarabu,” au “Hapa palikaa Washirazi,” akaenda zake. Na iko namna ya mtu asomaye barua: atazama herufi moja moja, na neno asilolielewa alirudia. Namna hii ya pili ndiyo tutakayoieleza. Nasi twaieleza sasa kwa sababu mji wa Dar es Salaam umekwisha panuka hata kuyazunguka mashamba ya zamani ya Kunduchi, na kiwanja kisichojulikana thamani yake hakikawii kupimwa na kuuzwa.

Mwalimu na aanze somo lake kabla hajaondoka nyumbani. Awaonyeshe watoto kilima cha Wazo. Kilima kile ni jiwe la chokaa lililotokana na matumbawe ya bahari ya zamani sana, na ndiyo maana kiwanda cha saruji kilijengwa pale, kikaanza kazi mwaka 1966. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimesimama kwa saruji iliyotoka katika matumbawe hayo. Basi watoto wakifika Kunduchi na kuona kuta za msikiti, waulizwe: jiwe hili ni la namna gani? Watakuta ni lile lile, matumbawe, ila kwamba wazee hawakuwa na kiwanda. Jiwe la nchi kavu, lililo gumu, walilivunja na kulipanga katika kuta. Jiwe jingine walilikata baharini lingali bichi, nalo likiwa bichi ni laini, hukatwa kwa shoka na kuchongwa kama ubao. Likikaa juani hukauka na kuwa gumu. Hilo ndilo walilolitumia mahali palipotaka umbo zuri, kama vile pembe za milango na tao la kibla. Chokaa nayo waliipata kwa kupanga matumbawe juu ya chungu kubwa ya kuni na kuyachoma, kisha kuyazimua kwa maji. Kazi hiyo hata sasa baadhi ya wazee wa pwani waijua.

Mtu mwenye utepe wa kupimia na aingie nao katika magofu ya pwani, apime upana wa vyumba. Ataona jambo la ajabu: chumba chaweza kuwa kirefu sana, lakini upana wake kwa kawaida haupiti meta tatu, na mara nyingi haufiki hapo. Sababu si umaskini wala ufinyu wa mawazo. Dari za mawe zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko, pamoja na nguvu zake zote, haipatikani kwa urefu mkubwa kuliko huo ikaweza kuchukua uzito wa mawe na chokaa. Aliyetaka msikiti mpana ilimlazimu kujenga nguzo katikati ili boriti zipokezane. Kwa hiyo mti uotao katika matope ya hori ndio uliotoa amri juu ya upana wa nyumba za pwani yote, kutoka Lamu hata Kilwa. Mtoto akipima mwenyewe akaliona hilo, hatalisahau.

Tena watoto wasimame ndani ya gofu la msikiti, waelekee kibla, yaani lile tao lililo katika ukuta wa mbele. Waulizwe: twaelekea wapi? Wenye dira waitazame; wasio nayo wangoje adhuhuri wakipime kivuli cha kijiti. Wataona kwamba wameelekea kaskazini, maana Makka, kwa mtu aliye pwani hii, i kaskazini karibu sawasawa. Kisha watoke nje wayatazame makaburi. Wataona yamelala mashariki na magharibi. Maiti ya Mwislamu hulazwa kwa ubavu wa kuume, uso ukielekea kibla; basi kibla kikiwa kaskazini, kaburi halina budi kulala hivyo. Hapo watoto wamekwisha jua neno kubwa juu ya watu waliozikwa, nao hawajasoma hata herufi moja: watu hawa walikuwa Waislamu, na wajenzi wao walijua vema njia ya nyota na jua.

Sasa twafika kwenye makaburi yenyewe, ambayo ndiyo fahari ya Kunduchi. Makaburi ya nguzo hayapatikani kila mahali penye Uislamu. Ni desturi ya pwani ya Waswahili, tangu nchi ya Somalia hata kusini mwa Tanzania. Yako Malindi kando ya msikiti wa Ijumaa, yako Mambrui, yako Gedi, yako Kaole. Kaburi huzungushiwa ukuta mfupi wenye mapambo ya kuchongwa katika chokaa, na upande wa kichwani husimamishwa nguzo, pengine ya mviringo, pengine ya pembe nyingi. Basi mtu asemaye kwamba watu wa pwani waliiga kila kitu kutoka ng’ambo, na aonyeshwe nguzo hizi, aulizwe ziliigwa wapi.

Katika nguzo na kuta za makaburi hayo wajenzi walitia bakuli na sahani za kauri, nyingi zikiwa nyeupe zenye michoro ya samawati, zilizofinyangwa nchi ya China. Msomaji ataka kujua zilifikaje. Jibu si gumu. Pepo za kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hata Machi, zikaleta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi; pepo za kusi huzirudisha. Kauri ya China ilikwenda Bara Hindi na Ghuba kwa merikebu nyingine, ikauzwa na kuuzwa tena, hata ikafika huku. Ni kweli kwamba merikebu za mfalme wa China, zikiongozwa na amiri Zheng He, zilifika pwani hii kati ya mwaka 1417 na 1419, na Malindi imetajwa miongoni mwa bandari zilizofikiwa; lakini haifai kumwambia mtoto kwamba kila bakuli lililo kaburini lililetwa na merikebu hizo. Nyingi ziliingia kidogo kidogo kwa mikono ya wafanya biashara, kama iingiavyo nguo ya dukani leo. Huku pwani vyombo hivyo vilikuwa heshima ya nyumba, vikipangwa katika zidaka za ukutani. Mwenye nyumba akifa, ilionekana vema kaburi lake nalo lipambwe kwa chombo cha namna ile.

Bakuli hilo ni pambo, lakini kwa mtaalamu ni saa pia. Wafinyanzi wa China walibadili michoro, rangi na tako la chombo kadiri ya zama zao, na wanaojua kazi hiyo waweza kulitazama bakuli wakasema ni la ufalme wa Ming, uliotawala tangu 1368 hata 1644, au la ufalme wa Qing uliofuata. Hapa mwalimu awafundishe wanafunzi kufikiri. Kaburi lenye bakuli la karne ya 17 haliwezi kuwa la karne ya 16, maana mjenzi hakuweza kutia ukutani chombo ambacho hakijafinyangwa bado. Lakini laweza kuwa la karne ya 18, kwa sababu bakuli zuri hutunzwa nyumbani miaka mingi, likarithiwa na wajukuu, ndipo likatiwa kaburini. Basi bakuli hutuambia kaburi si la zamani kuliko hapa. Halituambii si jipya kuliko hapa. Watu wengi wenye elimu huteleza hapo, na mtoto wa darasa la sita akifundishwa vema hatateleza.

Ajapo mgeni Kunduchi, hata hivyo, kitu atakachokiona mara nyingi zaidi kuliko bakuli ni tundu la bakuli: shimo la mviringo katika chokaa, laini ndani, mahali chombo kilipokaa miaka mia mbili au zaidi. Vingine vilivunjika kwa mvua na mizizi. Vingine vilibanduliwa kwa kisu na watu waliotaka kwenda kuviuza au kuviweka juu ya meza zao. Jambo hili lataka kuelezwa kwa utulivu, maana wengi hawaoni ubaya wake. Husema, “Aliyezikwa amekufa zamani, na bakuli lingali zima, kwa nini lisifae walio hai?” Twajibu hivi. Bakuli likiwa mahali pake lasema mambo matatu: lasema kaburi si la zamani kuliko wakati fulani, lasema huyu aliyezikwa alikuwa mtu wa mali au wa cheo, na lasema bandari hii ilifanya biashara na nchi za mbali katika zama zile. Likibanduliwa, mambo yote matatu hufa siku hiyo hiyo. Aliyelinunua amenunua bakuli la China tu, ambalo mfano wake wapatikana kwa maelfu duniani. Na kaburi nalo limebaki na tundu, halina tena la kusema. Mwizi wa mbuzi amnyima mwenyewe mbuzi, naye mwizi apata mbuzi. Lakini mwizi wa bakuli la kaburi huharibu kitu kikubwa kuliko akipatacho.

Wako na wengine wachimbao kwa tamaa. Imeenea sana katika nchi yetu imani kwamba Wajerumani walipoondoka walizika mali, na kwamba penye jiwe la kale pana hazina chini yake. Makaburi haya ya pwani mengi yalijengwa kabla Wajerumani hawajaja nchini, na maiti ya Mwislamu huzikwa kwa sanda tu, hazikwi na dhahabu. Achimbaye hapo huvunja heshima ya maiti na kuangusha nguzo, akaondoka na udongo katika kucha.

Sheria nayo iko. Serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya kuhifadhi majengo ya kale mwaka 1937, na baada ya uhuru Bunge likapitisha Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Kwa sheria hiyo majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 na baada yake kidogo, hata mwaka 1886, yamelindwa, na vitu vya kuchukulika vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vimelindwa pia. Kuchimba bila kibali ni kosa. Viongozi wa mitaa ndio wa kwanza wapasao kuyajua haya, maana ndio waitwao kushuhudia kiwanja kikiuzwa. Mwenyekiti ajuaye mpaka wa uwanja wa magofu aweza kuzuia kwa neno moja jambo ambalo mahakama haitaweza kulitengeneza baadaye kwa mwaka mzima.

Baadhi ya makaburi ya pwani yana maandishi ya Kiarabu, yaani jina la maiti, sala, na mwaka wa Hijra, pengine kwa tarakimu na pengine kwa maneno. Mwalimu ajuaye hesabu hii atawafurahisha wanafunzi. Mwaka wa Hijra hufuata mwezi mwandamo, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo miaka 33 ya Hijra ni kama 32 ya jua. Basi chukua mwaka wa Hijra, ugawe kwa 33, jibu ulitoe katika mwaka ule, kisha jumlisha 622. Tuchukue mfano wa msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wenye maandishi ya mwaka 500. Gawanya 500 kwa 33, wapata 15. Toa, wabaki 485. Jumlisha 622, ni mwaka 1107. Tena huko Gedi, karibu na Malindi, liko kaburi la mwaka 802. Gawanya, wapata 24. Toa, wabaki 778. Jumlisha 622, ni 1400. Kwa kweli mwaka ule wa 802 ulianza katika mwezi wa Septemba 1399, na ndiyo sababu vitabu huandika 1399. Hesabu yetu yaweza kukosea kwa mwaka mmoja, nayo yatosha kwa kazi ya shamba.

Aliyekwisha isoma Kunduchi na aende Kaole, siku nyingine, kwa njia ya Bagamoyo. Kaole i karibu kilometa tano kusini ya mji wa Bagamoyo, na pale pana magofu ya misikiti miwili, ambao mmoja wahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yapatayo ishirini na zaidi, mengine ya nguzo. Iko nyumba ndogo ya makumbusho, na wako waongozaji. Neville Chittick, mtaalamu wa mambo ya kale aliyechimba Kilwa pia, alifanya kazi hapa katika mwaka 1958. Lakini kitu cha kufikiri zaidi Kaole hakimo katika kuta. Mgeni asimame katika magofu atazame upande wa bahari. Haioni bahari, aona mikoko, mingi, imefunga njia. Hapo ndipo palipokuwa bandari. Mchanga na matope vilijaa kidogo kidogo, mikoko ikaota juu yake, na mikoko ikishaota hukamata matope mengine, hata vyombo vikashindwa kuingia. Biashara ikahamia Bagamoyo. Hata hivyo jina la Kaole halikufa upesi: katika mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke, walipokuwa wakienda kutafuta maziwa ya bara, walishukia Kaole na kuanza safari yao hapo.

Basi watoto waulizwe: ni nani aliyeushinda mji wa Kaole? Wengi watataja vita. Na waonyeshwe mikoko. Mti ule ule ulioipa nyumba boriti zake ndio ulioifunga bandari, nao haukuwa na nia mbaya. Jambo hili lafaa kufikiriwa na watu wa Kunduchi na Mbweni wa leo, wanaoona ukingo wa bahari ukila mahali pamoja na kujaza mahali pengine.

Mbuyu nao ni shahidi, lakini shahidi wa kuulizwa kwa uangalifu. Mbuyu ukiota juu ya ukuta au ndani ya chumba, twajua bila shaka kwamba chumba kile kilikuwa hakina mwenyewe mti ulipoanza, maana hakuna mtu awezaye kuuacha mbuyu ukue sebuleni mwake. Lakini mwongozaji akikuambia, “Mbuyu huu una miaka mia tano,” mwulize amejuaje. Unene pekee haumwambii mtu umri wa mbuyu. Uko ukuao upesi na uko ukuao polepole. Huko Bagamoyo katika uwanja wa misheni uko mbuyu ambao umeumeza mnyororo uliofungwa shinani. Wasimulia kwamba ulikuwa wa kufungia punda. Watoto wakiona chuma kinatokeza kidogo tu katika gome, wanafahamu kukua kwa mti kuliko wakiambiwa hesabu ya miaka.

Kaole iko pia adabu ya kujifunza. Liko kaburi la Sharifa, mwanamke aheshimiwaye, ambalo watu huliendea mpaka leo kuomba na kuweka nadhiri. Mgeni atakuta vitu vilivyoachwa pale na wenye haja zao. Asicheke, asiguse, asipige picha ya mtu aliye katika maombi. Gofu kwa mwenye kusoma historia ni kitabu. Kwa jirani yake ni kaburi la wazee wake. Na yote mawili ni kweli.

Bagamoyo yenyewe yataka siku yake peke yake, nasi tutataja machache tu. Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilianzishwa mwaka 1868, ikapokea watoto waliokombolewa katika utumwa. Mwezi wa Februari 1874 ilifika hapo maiti ya Livingstone, ambaye alikufa mwaka 1873 katika nchi iitwayo leo Zambia. Waliomchukua ni Waafrika, Susi na Chuma na wenzao, kwa mwendo wa miezi mingi wakipita katika nchi za hatari. Mwalimu asiwasahau wachukuzi hao akisimulia habari hii. Wengi humtaja aliyechukuliwa tu. Wajerumani waliufanya mji huo makao ya serikali yao mpaka mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam, na boma lao lilijengwa mwaka 1897. Mwaka 2006 njia ya pembe na watumwa, ambayo mwisho wake ni Bagamoyo, ilitiwa katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia.

Asiyependa mawe asidhani kwamba hana safari. Nyuma ya Madale, upande wa Mabwepande, liko Pori la Akiba la Pande, msitu mdogo uliosalia wa misitu ya pwani iliyofunika nchi hii zamani. Ndani yake yuko komba mdogo sana, aliyepewa jina la Rondo, kule Lindi, alikojulikana kwanza. Uzito wake haufiki gramu 100, na mkia wake ni mwembamba shinani na mnene nchani, kama burashi ya kusafishia chupa. Hutoka usiku, na apatikana Tanzania peke yake, katika vipande vichache tu vya misitu kama hii. Watu wa Madale wenye kuukata msitu kwa mkaa wakumbuke kwamba kiumbe huyu hana Pande nyingine ya kuhamia hapa karibu. Na ng’ambo ya Kunduchi kiko kisiwa cha Mbudya, ambacho pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini kimehifadhiwa tangu mwaka 1975. Huko mtoto aweza kuona matumbawe yaliyo hai, ambayo alikwisha yaona yamekufa ukutani. Na aweza kuona pia mahali yalipovunjwa kwa uvuvi wa baruti, ambapo samaki hawana tena nyumba.

Yabaki maneno ya maandalizi. Mwalimu aombe ruhusa mapema kwa ofisi inayosimamia mambo ya kale, na kwa serikali ya mtaa wa mahali aendapo. Kwa kisiwani na porini kuna ada, na malipo yafanywe kwa njia iliyowekwa, na stakabadhi ichukuliwe. Masika, yaani tangu Machi hata Mei, njia huteleza na nyoka hupenda kuta zenye majani. Mwezi wa Juni hata Septemba ni mwema. Aendaye ufukoni au kisiwani aijue siku ya mwezi: kwa mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji ya bamvua hupwa mbali na kujaa juu sana, na kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Waliochelewa kurudi kwa sababu ya kupwa hukaa juu ya mchanga mpaka usiku, na wazazi huko nyumbani hawaelewi.

Watoto wasipande juu ya kuta. Chokaa ya miaka mia tano haijui uzito wa mtoto mnene. Wasiandike majina yao kwa mkaa wala kwa msumari, hata kama wataona ya wengine. Kila mmoja achukue daftari, penseli na kamba yenye mafundo ya kupimia, achore kaburi moja tu, lakini alichore vema: urefu, upana, pembe za nguzo, hesabu ya matundu ya bakuli na bakuli zilizosalia. Mchoro huo uwekwe shuleni pamoja na tarehe yake. Darasa litakalokwenda mwaka ujao litauchukua na kuhesabu tena, na tofauti ikionekana mwalimu aipeleke kwa maandishi ofisi inayohusika.

Na mtoto akiokota kigae cha kauri mchangani, asikitie mfukoni. Akiache palipo, mwalimu aandike mahali kilipo kwa hatua kutoka ukuta ulio karibu, apige picha kikiwa na rula kando yake, kisha awaonyeshe wengine wote wakiwa wamechutama, bila kukigusa.